Orodha ya Marejeo ya Mume Wangu

Jumapili, 3 Machi

Leo wiki tatu kamili tangu niitwe mke wa mtu, na bado nikiamka namwangalia kwanza kama kweli yupo. Yupo! Amelala mkono chini ya shavu, kitabu juu ya kifua, miwani juu ya kitabu. Nimeamua kuandika msimu huu wote wa mvua, ili nikizeeka nisome na kuamini kwamba furaha ya namna hii ilinipata mimi, binti niliyeishia kidato cha nne, niliyekuwa nikichapa kazi za watu kwenye kibanda cha steshenari nje ya geti la chuo. Nimeolewa na mhadhiri! Mama alipoambiwa aliuliza jambo moja tu: "Anajua kwamba hujui kupika?" Nikamwambia anajua, Mama, na bado amenitaka.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Tuliisikiliza dirishani, vidole vyetu vimeshikana.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nampenda.

Jumamosi, 9 Machi

Leo tumefanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza, na sikujua kwamba kazi inaweza kuwa tamu hivi. Ana makala tatu za kumaliza msimu huu, zote kuhusu mto unavyobeba udongo wa mashamba. Yeye anatembea sebuleni na soksi, mikono nyuma, anasema, mimi nachapa. Akifika mwisho wa sentensi anasema "nukta" kama hakimu anayefunga kesi.

Mwisho wa makala huwa kuna orodha ya marejeo, yaani majina ya wote ambao kazi zao zimetumika. Ya kwetu ilikuwa na marejeo thelathini na manne, na jarida halipokei zaidi ya thelathini.

"Toa manne," akasema.

"Nitoe nani?"

"Hao wawili wamekufa, hawatalalamika. Huyu aliandika kwa lugha ambayo hata mimi sikuielewa. Na Bi Chupa."

"Bi Chupa wetu?"

"Yuko mlango wa pili kutoka ofisini kwangu, kipenzi. Mtu wa mlango wa pili hanukuliwi, anaulizwa."

Nilicheka sana. Bi Chupa ni mhadhiri mwenzake, mwanamke wa makamo. Wanamwita hivyo kwa sababu kila siku hubeba chupa za maji ya matope kwenye kikapu. Yeye ndiye aliyemwelekeza mume wangu kibandani kwangu mwaka juzi, "nenda kwa yule binti, ana mkono mwepesi," kwa hiyo ndoa yetu ina matope yake kidogo. Nilibonyeza, mstari ukatoweka. Thelathini. Mume wangu akanibusu utosini kwa jinsi nilivyo mwepesi.

Alhamisi, 14 Machi

Nilimpelekea mwavuli chuoni. Alikuwa kikaoni, nikamsubiri kwa Bi Chupa.

Ofisi yake ni nyembamba kama ukumbi wa kupitia. Kwenye kizingiti cha dirisha zimepangwa chupa, nyingine nyeusi kama kahawa, nyingine hafifu kama chai ya mgonjwa. Kila saa moja asubuhi, mvua ikinyesha isinyeshe, huenda darajani, hushusha chupa kwa kamba, huijaza na kurudi nayo. Anaiacha itulie siku tatu, kisha anachuja tope, analikausha, analipima. Amefanya hivyo misimu kumi na mmoja.

"Wewe umepata mume, mimi nimepata mto," akaniambia. "Wako angalau anarudi nyumbani. Wangu anapita tu."

"Lakini hakosi siku, Mwalimu."

"Hakosi. Na haombi chakula."

Tulicheka. Halafu akasema, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba mkataba wake unaisha mwezi wa tano. Kamati ya chuo itahesabu mara ambazo kazi zake zimenukuliwa. Zinatakiwa kumi na tano. Anazo kumi na mbili. Makala ya mtu mwingine ikishapelekwa jaridani, inahesabiwa hata kabla haijatoka, mradi jina lake limo kwenye orodha.

Nikaona aibu kuuliza, lakini nikauliza. Nimechapa orodha hizo miaka sita bila kujua ni za nini.

"Kunukuliwa hasa ndiyo nini, Mwalimu?"

"Ni mtu kusema: hili nimelitoa kwa fulani. Asante ya mbele za watu. Ila hizi asante zinahesabiwa, na asiyeshukuriwa anafungasha."

Kumi na mbili. Mume wangu ana makala tatu. Nilihesabu pale pale, na mkono wangu ukakumbuka ulichofanya Jumamosi. Nilimsifia chupa zake.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemwambia mume wangu. Alinisikiliza kwa makini kama anavyonisikiliza hata nikisimulia ndoto.

"Masikini Bi Chupa. Ile imeshaenda jaridani, kipenzi."

"Ziko mbili bado."

"Ziko mbili. Tutaona." Akanishika uso kwa mikono miwili. "Ndiyo maana nilikuoa. Una moyo."

Nikalala mchana ule kama mtu aliyetua mzigo.

Jumatano, 27 Machi

Siku ya nne mvua haijakatika. Paa linavuja juu ya kabati. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na anakaa chumba cha uani, amekuja na beseni. "Kaka yangu ana shahada tatu," akasema, "na hakuna hata moja ya kuziba bati."

Jumanne, 2 Aprili

Makala ya pili. Nilichapa huku nikilisubiri jina lake, ukurasa baada ya ukurasa, kama unavyomsubiri mgeni barabarani. Kwenye ukurasa wa tisa mume wangu akasema: "Kila msimu, mto huu hubeba tani elfu sita za udongo, nukta."

Nikasimamisha vidole.

"Hiyo namba umeitoa wapi?"

"Nilimuuliza Bi Chupa asubuhi, tukisubiri maji ya chai yachemke."

"Basi namweka kwenye orodha."

"Mazungumzo ya kwenye birika hayanukuliwi, mke wangu. Nitaandika nini? 'Aliniambia akiwa na kikombe mkononi'?"

"Si ameandika kitabu kizima cha vipimo? Kipo rafuni kwako."

"Kipo. Lakini mimi sikukisoma, nilimuuliza. Tuendelee?"

Hakuwa na hasira hata chembe. Ni kweli kabisa alimuuliza, hakusoma. Tuliendelea.

Alipokwenda kuoga nilihesabu orodha. Marejeo ishirini na sita, hakuna kikomo jaridani humo, nafasi imejaa tele. Saba kati ya hayo ni yeye mwenyewe. Majina ya kwanza hukatwa ikabaki herufi moja, mtu hajui nani ni nani. Alipotoka nikamuuliza wangapi ni wanawake.

"Sijawahi kufikiria," akasema, taulo kichwani. Akapitisha kidole. "Huyu nadhani. Na huyu, aliandika na mumewe."

"Wawili."

"Wawili. Unaona? Wamo."

Jumamosi, 6 Aprili

Nilimsaidia wifi kupiga pasi vitambaa. Nikamweleza yote. Alikuwa na pini mdomoni, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akazitoa moja moja.

"Ulitaka niseme kaka yangu mbaya?"

"Hapana, wifi."

"Hana ubaya. Ndiyo taabu yake. Mbaya ungemkamata shati." Akachoma pini kwenye kitambaa. "Unajua nani alimfundisha hesabu? Mimi. Nilikuwa darasa la saba, yeye la tatu. Muulize leo nani alimfundisha."

"Atasema nani?"

"Atasema alizaliwa anajua."

Tulicheka mpaka pasi ikaunguza ukingo. Nilipofika chumbani kicheko kilikuwa kimeniisha, na sikujua kiliniishia wapi.

Alhamisi, 11 Aprili

Bi Chupa alikuja na makala yake, kurasa kumi za mwandiko wa mkono, nimchapie. Alikaa ukingoni mwa kiti kwa sababu sketi yake ilikuwa imelowa.

Nilipofika kwenye orodha yake nikakuta marejeo arobaini. Mume wangu yumo mara tatu. Yeye mwenyewe hayumo hata mara moja.

"Mwalimu, hujajitaja."

"Nijitaje?"

"Vipimo vyote humu ni vyako. Wengine wanajitaja. Wanajitaja sana."

"Najua wanajitaja." Akatabasamu. "Miaka ile nilijaribu. Mkaguzi wa jarida akaandika pembeni: mwandishi apunguze kujisifu. Nikapunguza. Wewe mtu akikukanya mbele ya watu wazima unarudia?"

"Ningerudia."

"Ungerudia, mwanangu, kwa sababu una wiki tisa za ndoa na unadhani kila mtu anakupenda."

Hakusema kwa ubaya. Akauliza, taratibu, akitazama mvua: "Makala za mwenzako zinaendaje?"

"Zinaenda."

"Ni mtu mwema yule. Huwa ananiuliza mambo."

Nikachapa kwa nguvu ili kelele ya herufi ijaze chumba.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Maji yamepita juu ya daraja, shule zimefungwa, sisi tumekaa kitandani tunasoma. Saa mbili wifi akagonga dirisha: amemwona Bi Chupa akitoka mtoni, tope hadi kiunoni, chupa ameikumbatia kifuani kama kichanga. Wanafunzi kwenye veranda walimpigia makofi ya kejeli.

"Mwanamke wa ajabu," akasema mume wangu kwa upendo kabisa, akageuza ukurasa.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimefanya jambo. Makala ya tatu, anayoandika pamoja na Profesa wake, tuliimaliza saa kumi. Alipotoka kwenda kutoa nakala, nilifungua orodha nikaandika kitabu cha Bi Chupa: jina lake, mwaka, kichwa cha kitabu, kurasa. Nambari ishirini na mbili. Nikaweka alama kwenye sentensi inayohusika. Moyo ulinidunda kuliko siku ya harusi.

Naye kwa hii atakuwa na kumi na tatu tu, bado mbili. Najua. Lakini kamati ni watu, labda wataona amekaribia.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Hajasema kitu. Ameniletea viatu vya mpira, vya bluu, saizi yangu kamili.

Ijumaa, 3 Mei

Ameliona. Alikuwa anapitia nakala ya mwisho mezani, penseli sikioni. Akaita, "Njoo, kipenzi," kwa sauti ile ile ya kila siku, nikajua.

"Hii ishirini na mbili ni wewe?"

"Ni mimi."

Akacheka. Laiti angefoka! Akanivuta nikakaa kwenye mkono wa kiti chake.

"Una roho nzuri kupita kiasi. Lakini sikiliza. Profesa anaanzia nyuma, anasoma orodha kabla ya makala. Akiliona jina hili ataona kwamba sisi wenyewe hatukwenda mtoni."

"Mlikwenda?"

"Mara moja."

"Mara moja?"

"Profesa alipata mafua."

Akapitisha penseli juu ya mstari, taratibu, kama anayeondoa unyoya begani mwa mtu. Kisha akanipa nifute kwenye kompyuta, kwa sababu yeye huchapa kwa vidole viwili. Nambari ishirini na tatu ikapanda ikawa ishirini na mbili. Haikuonekana hata kovu.

Alhamisi, 9 Mei

Naandika hili lote, nisije baadaye nikalisahau kwa makusudi.

Mkuu wa idara ameomba barua ya maoni kuhusu Bi Chupa, iende kwa kamati. Amemwomba mume wangu, kwa kuwa yeye ndiye jirani wa ofisi na anamfahamu vizuri. Mume wangu alirudi mchana na huzuni ya kweli. Hakula. Alivua viatu, akatembea na soksi, mikono nyuma.

"Chapa. Ni mchapakazi asiyechoka, nukta. Kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kuchelewa wala kukosa kipindi, nukta. Tabia yake ni ya kupigiwa mfano, nukta."

Nilichapa kwa furaha. Nikadhani, ndiye huyu, mume aliyenioa, ameamka.

"Hata hivyo, mkato. Hesabu ya kunukuliwa kwake haijafikia kiwango, mkato, na ni jambo la kusikitisha kwamba hata wenzake wa karibu, mkato, katika idara yake mwenyewe, mkato, hawajaona haja ya kutumia kazi yake, nukta."

Vidole vilisimama kwenye "hawajaona".

"Siwezi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Umeitumia. Mara tatu msimu huu. Nilikuwepo."

Alinitazama kwa mshangao safi, kama mtu aliyeulizwa amepata wapi hewa anayovuta.

"Ipo kwenye orodha gani?"

"Haipo kwenye orodha. Umetoa, nimetoa, tumetoa!"

"Basi mke wangu, mimi nitaandikaje kitu ambacho hakipo? Kamati itafungua makala zangu ione. Unataka niseme uongo kwenye barua rasmi?"

"Sema ulimuuliza."

"Kila mtu humuuliza. Hilo ndilo nimesema hapo juu, kwamba ana tabia nzuri."

Nikamwambia inaweza kusahihishwa, awaandikie majarida. Akasema majarida hayo hayasahihishi orodha kwa sababu ya huruma, na Profesa je? Nikasema mwanamke mzima atapoteza kazi. Akasema, macho yamemlowa, nami namjua, hayakuwa ya kuigiza: "Unadhani mimi sioni? Inaniuma. Lakini nikiongeza neno la huruma watasema napendelea jirani. Hesabu haimjui mwanamke wala mwanamume, kipenzi. Ndiyo uzuri wake."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyeketi ndani ya hesabu hiyo, kwamba niliiona ikitengenezwa, kwenye meza hii, kati ya kikombe na kopo la penseli, kwa kidole hiki. Maneno hayakupangika. Mimi ni wa kuchapa maneno ya wengine.

Akaja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mikono mabegani. Mikono ile naipenda. Ni mizito kidogo na ina joto, na dole gumba lake la kulia lina alama ya kalamu. Alikaa hivyo bila kunisukuma, na mvua ilikuwa inapiga bati.

Nikachapa: haja ya kutumia kazi yake, nukta.

Alhamisi, 16 Mei

Kumi na mbili. Hawakuhitaji hata dakika kumi, mume wangu ameniambia. Bi Chupa anaondoka mwisho wa mwezi.

Kikao hicho hicho kimempandisha mume wangu kuwa mhadhiri mwandamizi. Katika hesabu yake zile saba za kujitaja zimo, hakuna aliyezitoa. Alinibeba mlangoni akanizungusha, wifi akapiga vigelegele kwa sauti ya mtu aliyelipwa. Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka, nisije nikajidanganya kwamba sikucheka.

Jumapili, 19 Mei

Manyunyu. Sina la kuandika.

Ijumaa, 24 Mei

Nimekwenda kwa Bi Chupa. Alikuwa anaosha chupa kwenye sinki la maabara, amekunja mikono ya blauzi. Nilisema kabla ya kumwamkia, kwa kuogopa kwamba nikisalimia kwanza nitaishia hapo.

"Mwalimu, ni mimi niliyefuta."

"Umefuta nini?"

"Jina lako. Mwezi wa tatu nililifuta. Mwezi wa nne sikuliandika. Halafu nikaliandika, na mwezi huu nikalifuta tena."

Alihesabu kwa vidole vyenye povu.

"Tatu."

"Tatu, Mwalimu."

"Na kumi na mbili," akasema, hakujumlisha. Akachukua chupa nyingine. "Chukua kitambaa kile ufute hizi. Zikikaukia maji zinaweka doa."

Nikafuta. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima, nilishachagua hata mahali pa kulilia. Akaniuliza ndoa inaendaje.

"Vizuri," nikasema. Na ni kweli.

"Vizuri ni vizuri."

"Barua pia niliichapa mimi."

"Nimeonyeshwa. Imepangwa vizuri sana, nikajua ni mkono wako." Akafunga bomba. "Ungekataa, angepeleka kibandani. Kuna binti mpya pale."

Niliona kwamba ameyafikiria yote hayo peke yake, siku nyingi, na kila mlango ameshaujaribu. Nikamuuliza kuhusu madaftari yake ya vipimo, kumi na moja, yaliyokuwa kwenye boksi karibu na mlango. Anakwenda nayo kwa dada yake, mbali. Alitaka kuyaacha chuoni, wakakataa kuyapokea: hayana namba ya stoo.

"Ukiondoka nani atakwenda mtoni, Mwalimu?"

"Mto utakwenda wenyewe."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na maji. Akauacha kwangu kidogo, kwa adabu, kisha akauchukua akaendelea kuosha.

Ijumaa, 31 Mei

Ameondoka asubuhi. Mume wangu alichangia zawadi ya kumuaga, saa ya ukutani. Mvua haikunyesha.

Jumanne, 4 Juni

Jua kali, nguo zimekauka kabla ya saa nne. Tumeanza makala ya nne. Anatembea na soksi, mikono nyuma, mhadhiri mwandamizi wangu, na nilipomwangalia kutoka kwenye kiti nilimpenda kama mwezi wa tatu, nikaogopa.

Alifika kwenye ile mvua kubwa ya Aprili.

"Siku hiyo peke yake, mkato, mto ulibeba..." Akasimama. "Ngoja nimuulize."

Akatoa simu, akatafuta jina. Akalipata. Kidole kikabaki juu ya kioo, hakikushuka. Nilimtazama na sikumsaidia. Nje palikuwa kimya kabisa. Baada ya muda akairudisha simu mfukoni.

"Andika 'takriban'," akasema.

"Takriban ngapi?"

Akaenda dirishani, akatazama kule mto uliko, ingawa kutoka kwetu hauonekani.

"Wewe andika takriban. Namba tutaiweka baadaye."

Nikaandika takriban, nikaacha nafasi.